Mpanda Farasi wa Windhoek Alikwenda Wapi?

Safu ya Maswali ya Wasomaji: Historia

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, ninaishi Kongwa. Mjukuu wangu ameniletea picha ya zamani ya mji wa Windhoek, nchini Namibia, inayoonyesha sanamu kubwa ya askari wa Kijerumani aliyepanda farasi, bunduki mkononi, na nyuma yake kanisa lenye mnara uliochongoka. Kijana mmoja wa hapa kwetu aliyefika Windhoek anasema kwamba sanamu hiyo haipo tena, na mahali pake pamejengwa jengo refu la makumbusho. Naomba kufahamishwa: sanamu hiyo iliwekwa na nani, kwa ajili ya nini, na imekwenda wapi?
Mwalimu Mstaafu, Kongwa

JIBU: Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa barua yako. Kijana huyo amesema kweli. Sanamu unayoiona pichani ilizinduliwa tarehe 27 Januari 1912, siku ya kuzaliwa kwa Kaizari Wilhelm wa Pili, na aliyeizindua alikuwa Gavana wa koloni, Theodor Seitz. Wazo la kuijenga lilitoka kwa Ludwig von Estorff, kamanda wa jeshi la kikoloni, na mchongaji wake alikuwa Adolf Kürle wa Berlin. Ilitengenezwa Ujerumani kwa shaba nyeusi, ikasafirishwa kwa meli hadi pwani ya Namibia, kisha ikapandishwa Windhoek na kusimikwa juu ya kitako cha mawe ya granaiti, karibu na ngome kongwe iitwayo Alte Feste na kanisa la Kilutheri la Christuskirche, ambalo ndilo unaloliona nyuma yake. Sanamu peke yake ilikuwa na kimo cha mita 4.5, na kitako chake kilikaribia mita 5, kwa hiyo aliyesimama chini alilazimika kuinua kichwa ili kuuona uso wa askari.

Iangalie tena picha yako kwa makini, kwa maana mkao wa askari huyo unaeleza mengi. Hapigi risasi wala hakimbizi farasi. Ameketi ametulia juu ya tandiko, ameivaa kofia ya ukingo mpana uliokunjwa upande mmoja, na bunduki ameisimamisha kwa mkono wa kulia, mtutu ukielekea juu. Ni mkao wa mtu aliyemaliza kazi yake na sasa anaitazama nchi anayoihesabu kuwa mali yake. Waliomweka pale walikusudia aonekane hivyo.

Kwenye kitako palibandikwa ubao wa maandishi ya Kijerumani uliosema kwamba mnara huo ni wa kuwaenzi wapiganaji hodari wa Kijerumani waliotoa maisha yao kwa ajili ya Kaizari na dola katika kuiokoa na kuihifadhi nchi hii, wakati wa maasi ya Waherero na Wanama, makabila mawili ya Namibia, na wakati wa msafara wa Kalahari wa mwaka 1908. Kisha ubao ukawahesabu marehemu kwa vyeo vyao: maofisa, masajini, askari wa farasi na wanamaji, jumla yao zaidi ya 1,600, wakiwemo waliouawa vitani, waliopotea, waliopata ajali na waliokufa kwa maradhi. Raia wa Kijerumani waliouawa nao walihesabiwa mmoja mmoja: wanaume 119, wanawake 4 na mtoto 1. Hata yule mtoto mmoja alikumbukwa, na ilikuwa haki akumbukwe. Lakini watoto wa Kiherero na wa Kinama, ambao hesabu yao ni ya maelfu kwa maelfu, hawakupewa hata mstari mmoja, na hapo ndipo ugomvi wote kuhusu sanamu hii unapoanzia.

Vita vyenyewe vilianza Januari 1904 mjini Okahandja, pale Waherero chini ya Samuel Maharero, waliokuwa wamechoshwa na kunyang'anywa ardhi na ng'ombe na kubanwa kwa madeni ya wafanyabiashara wa Kizungu, walipochukua silaha. Berlin ikamtuma Jenerali Lothar von Trotha, ambaye jina lake si geni katika historia yetu, kwa kuwa katika miaka ya 1890 aliwahi kuwa kamanda wa jeshi la kikoloni katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Baada ya mapigano ya Waterberg, ambako Waherero hupaita Ohamakari, tarehe 11 Agosti 1904, watu walisukumwa pamoja na wanawake, watoto na mifugo yao kuingia jangwa la Omaheke, na askari wakaviziba na kuvilinda visima ili wasirudi kunywa. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo huo von Trotha alitoa amri iliyoandikwa kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya Wajerumani, awe na bunduki au asiwe nayo, awe na ng'ombe au asiwe nao, atapigwa risasi, na kwamba wanawake na watoto hawatapokelewa tena.

Mwezi huo huo Wanama nao waliinuka chini ya mzee Hendrik Witbooi, aliyeuawa vitani mwaka 1905. Waliosalia wa makabila yote mawili walifungiwa katika kambi za mateso, na iliyo mbaya kuliko zote ilikuwa ile ya Kisiwa cha Papa huko Lüderitz, ambako baridi ya bahari, njaa na kazi ngumu viliwamaliza. Windhoek kwenyewe palikuwa na kambi, jirani na ile ngome, yaani kwenye eneo lile lile ambalo miaka michache baadaye lilichaguliwa kuwekwa mpanda farasi. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba kati ya Waherero wapatao 80,000 walikufa hadi 65,000, na kati ya Wanama wapatao 20,000 walikufa karibu 10,000. Mwezi Mei 2021 serikali ya Ujerumani ilikiri kwamba yaliyofanyika yalikuwa mauaji ya kimbari.

Sasa, imekwenda wapi? Mwaka 1915 majeshi ya Afrika Kusini yaliwashinda Wajerumani na kuitwaa nchi, lakini sanamu ikaachwa pale pale, kwa kuwa watawala wapya nao walikuwa walowezi na hawakuona ubaya wowote ndani yake. Mwaka 1959 mpanda farasi alikutwa asubuhi moja amefunikwa kichwa kwa mfuko wa kitambaa. Ulikuwa mwaka ule ule ambao, tarehe 10 Desemba, polisi waliwapiga risasi wakazi wa kitongoji cha Waafrika cha Old Location waliokuwa wakipinga kuhamishwa kwa nguvu. Serikali ya makaburu ilijibu kwa namna yake: mwaka 1969 iliitangaza sanamu kuwa mnara wa taifa.

Uhuru ulipopatikana tarehe 21 Machi 1990, wengi walitarajia kwamba itaondolewa mara moja. Haikuondolewa, kwa sababu viongozi wa Namibia walitangaza sera ya maridhiano na wakaacha alama nyingi za wakoloni zilivyokuwa. Subira hiyo ilidumu zaidi ya miaka 20. Mwaka 2008 watu wasiojulikana waliizunguka sanamu kwa misalaba ya mbao yenye maneno ya Kiherero, na baadaye mwaka huo huo bendera ya Namibia ikaonekana imechomekwa katika mtutu wa bunduki ya yule askari. Mwaka 2009 sanamu iliteremshwa ili kupisha ujenzi wa Makumbusho ya Uhuru, na mwaka uliofuata ikasimikwa tena umbali mfupi tu, mbele ya Alte Feste. Hatimaye tarehe 25 Desemba 2013, siku ya Krismasi, iling'olewa kwa mara ya pili na kupelekwa ndani ya ua wa ngome hiyo, ikafutwa pia katika orodha ya minara ya taifa. Kwa hiyo haikuvunjwa wala kuyeyushwa. Imetolewa tu katika macho ya umma.

Makumbusho ya Uhuru yalifunguliwa Machi 2014, na mbele ya jengo imesimama sanamu ya Sam Nujoma, Rais wa kwanza wa Namibia, akiwa ameinua Katiba mkononi. Karibu na hapo, mbele ya ngome, kuna sanamu ya mwanamume na mwanamke waliokata minyororo, iliyowekwa kuwakumbuka waliouawa katika mauaji yale ya kimbari.

Nakuomba, Mwalimu, umweleze mjukuu wako na jambo moja la nyumbani. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilitoa kambi hapo Kongwa, kwenye eneo lililoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza ulioshindwa, kwa ajili ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Msumbiji, Angola na Namibia. Wapiganaji wa SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, waliishi na kufunzwa hapo, na baadhi yao ndio waliorudi kwao kuanzisha mapambano ya silaha, ambayo mapigano yake ya kwanza yalitokea Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966. Chama hicho ndicho kilichounda serikali iliyomwondoa mpanda farasi. Bila shaka wako wazee wa Kongwa wanaowakumbuka vijana wale wa Namibia, na ingefaa sana kumbukumbu zao ziandikwe wakiwa bado hai.

SWALI: Ndugu Mhariri, mji wetu wa Dodoma nao ulianzishwa na Wajerumani. Mbona hatuna hata alama ya sanamu ya namna hiyo? Katika bustani ya Nyerere Square tunayo sanamu ya Baba wa Taifa tu. Je, ya Wajerumani ilikuwepo ikavunjwa?
Msomaji, Majengo, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, Dodoma ya Wajerumani ilikuwa mji mdogo wa reli. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika hapa mwaka 1910, na miaka minne baadaye vita vikuu vilianza. Fahari ya dola iliwekwa makao makuu, yaani Dar es Salaam, na miji ya bara ikapata vituo vya reli, maboma na makaburi.

Lakini swali lako lina upande mwingine unaonivutia zaidi, nao ni ule wa farasi. Namibia ni nchi kavu, na jeshi la kikoloni huko lilikuwa la Wajerumani wenyewe waliopanda farasi, wengi wao wakitazamia kupewa mashamba wakimaliza utumishi. Kwetu hali ilikuwa tofauti kabisa. Mbung'o na ugonjwa wa nagana walilifanya pori kubwa la nchi hii kuwa kaburi la farasi, na jeshi la Wajerumani hapa lilikuwa la askari Waafrika wa miguu chini ya maofisa wachache wa Kizungu, likibebewa mizigo na wapagazi. Mwaka 1916, Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini aliposhuka kutoka upande wa Arusha na wapanda farasi wake wakati wa masika, alifika Kondoa Irangi mwezi Aprili baada ya kupoteza farasi kwa mamia njiani kwa maradhi, uchovu na njaa, ikambidi akae hapo muda mrefu kabla ya kuingia Dodoma mwishoni mwa Julai. Katika nchi ya namna hiyo, hata mtawala mwenye kiburi kiasi gani asingejichonga akiwa juu ya farasi.

SWALI: Nimesikia kwamba pale ilipo Sanamu ya Askari, katikati ya jiji la Dar es Salaam, zamani palikuwa na sanamu ya Mjerumani. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, nani aliyeiondoa?
Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma

JIBU: Ni kweli. Mwaka 1909 Wajerumani walisimika Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyelizima pambano la Abushiri bin Salim kule pwani mwaka 1889 na baadaye akawa Gavana. Amesimama kwa miguu yake, na chini ya kitako yuko askari Mwafrika anayemtazama kwa kicho, pamoja na simba aliyelala amekufa, ambaye askari huyo anamfunika kwa bendera. Tofauti na ya Windhoek inaonekana wazi. Kule mzungu yuko peke yake na farasi wake, kana kwamba wenyeji hawakuwahi kuwepo. Huku mwenyeji yupo, lakini amewekwa chini ili amsifu mkubwa wake.

Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliiteremsha, wakaichukua kama ngawira ya vita, kisha ikarudishwa Ujerumani na mwaka 1922 ikasimikwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Hapo wanafunzi waliokuwa wakipinga ukoloni waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena mwaka 1968, na tangu hapo haikusimikwa tena mahali pake. Naona ni jambo la kufikirisha kwamba kijana wa Kijerumani ndiye aliyemaliza safari ya Wissmann, ilhali Windhoek ilibidi wenye nchi wangoje karibu karne nzima ili walimalize jambo lao wenyewe.

Sanamu ya Askari, ambayo wazee wa Dar es Salaam waliizoea kwa jina la Bismini, ilizinduliwa na Waingereza mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa vita vya 1914 hadi 1918, na maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni sifa nzuri, lakini sisi wa Ugogo tuna sababu ya kuisoma taratibu. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua vijana wa Kigogo kubeba mizigo, yakachukua nafaka na ng'ombe, kisha mvua ikakosekana, na kati ya 1917 na 1920 ikaja njaa kuu ambayo wazee waliiita Mtunya, iliyoua watu kwa makumi ya maelfu. Waliokufa majumbani kwa sababu mtama wao umeliwa na jeshi hawakuwa askari wala wapagazi, na hakuna mahali walipotajwa kwenye mnara ule wa Dar es Salaam. Kama Halmashauri ya Jiji letu itatafuta siku moja jambo la kuliwekea jiwe la kumbukumbu, mimi ningeanza na hilo.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi naona sanamu ya mtu aliyewaua watu ikitunzwa ni kuwatukana marehemu. Kwa nini Wanamibia wasiiyeyushe tu wakafanya jambo la maana na hiyo shaba?
Mama wa Watoto Wanne, Kondoa

JIBU: Mama, hasira yako ina haki, na wako Wanamibia wengi wenye maneno kama yako. Wako pia raia wa Namibia wenye asili ya Kijerumani waliotaka iachwe mahali pake, kwa hoja kwamba nao wana marehemu wao waliokumbukwa pale. Uamuzi ni wa Wanamibia wenyewe. Ukiniuliza maoni yangu, ningependa ibaki katika ua ule ule pamoja na ubao wake, na pembeni yake uwekwe ubao mwingine unaotaja hesabu ya Waherero na Wanama, ile amri ya von Trotha ikiwa imeandikwa neno kwa neno. Anayesoma kwamba wanawake wanne na mtoto mmoja wa Kijerumani walihesabiwa kwa uangalifu, kisha akageuka na kusoma kuhusu Omaheke, ataelewa ukoloni ulivyokuwa ukiwapima watu kuliko atakavyoelewa kwa kuambiwa tu. Shaba ikishayeyushwa, ushahidi huo ambao Wajerumani waliuandika kwa mkono wao wenyewe utabaki katika picha peke yake.

Mfano uko jirani nasi. Lugalo, pembeni ya barabara ya Iringa kwenda Morogoro, bado kuna mnara wa kumkumbuka Emil von Zelewski na Wajerumani wenzake waliouawa na jeshi la Mkwawa tarehe 17 Agosti 1891. Kwa upande mwingine wa Iringa iko Kalenga, yenye makumbusho yanayohifadhi fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Anayetoka Kondoa au Dodoma akipitia Mtera anaweza kufika sehemu zote mbili katika safari moja, na ningewashauri walimu wanaowapeleka wanafunzi Kalenga wasiiache Lugalo nyuma.